Re: Bili za maji na LUKU kwenye flati za serikali, tuanzie wapi?

Mkuu, kupunguza hizo bili za maji na umeme kwenye flati, kama mfuko wa kamati ya wapangaji ni kiduchu anzeni chooni. Usiku kila mpangaji adondoshee rangi nyekundu ya keki kwenye tanki la flashi, asiflashi, baada ya nusu saa ukikuta maji ya sinki la choo yamegeuka mekundu ujue mpira wa kuziba maji ndani ya tanki umekufa na maji yanavuja kimya kimya mchana na usiku, kwetu ghorofa ya 3 pekee tulikamata vyoo vinne aisee, na mpira wenyewe bei chee tu. Umeme sasa, taa za LED za wati 9 wala zisiwaumize kichwa, mchawi ni hita ya shawa, ya wati 5000 watu watano wakioga dakika 10 kila mmoja uniti 4 na ushee zimeenda. Paa lipo tupu, ombeni sola ya maji moto.