Maswali ya Wasomaji: Klabu za Huduma na Kazi Zake

Tangu tulipoandika katika toleo lililopita kuhusu klabu za huduma, yaani vyama vya watu wanaojitolea kuisaidia jamii, zinazokutana hapa Nairobi, zikiwemo za Rotary na za Lions, tumepokea barua za kusifu na za kulalamika. Tumechagua tano zinazogusa mambo ambayo watu huulizana pembeni lakini huona haya kuyauliza mkutanoni.

Swali: Ndugu Mhariri, mwenzangu kazini alinialika kwenye mkutano wa klabu yake ya Rotary, saa ya chakula cha mchana, katika hoteli moja mjini. Kengele iligongwa, tukaimba wimbo wa taifa, tukala, daktari mmoja akazungumza kuhusu ugonjwa wa figo, kisha bwana mmoja akazunguka akitoza watu faini, huyu kwa kuchelewa na yule kwa kununua gari jipya. Saa moja ikaisha, tukatawanyika. Sikuona huduma yoyote. Je, hiki si chama cha wakubwa cha kula pamoja? Na uanachama wenyewe unagharimu nini? *Mhasibu, South B*

Jibu: Ndugu mhasibu, ulichokiona ni sehemu ya zamani kuliko zote katika mambo ya Rotary. Wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905, hawakuwa na mradi wowote mkononi; walitaka urafiki kati ya watu wa kazi mbalimbali katika jiji ambalo kila mtu alikuwa mgeni kwa mwenzake. Huduma ilikuja baadaye kidogo, na mojawapo ya kazi zao za kwanza za umma ilikuwa kulishinikiza jiji lijenge vyoo vya umma, jambo ambalo mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Klabu ya Nairobi, ya kwanza katika Afrika Mashariki, ilianzishwa mwaka 1930, nayo ilirithi utaratibu huo wa kengele, mlo na mzungumzaji mgeni.

Kwa hiyo mlo si kosa, ila hautoshi kukujulisha klabu ilivyo. Kazi hupangwa katika halmashauri na katika kamati ndogo, ambazo mara nyingi hukutana jioni bila chakula cha maana, na huko ndiko ungepaswa kuomba ualikwe kabla ya kujaza fomu yoyote. Ukikaa katika kamati ya maji au ya afya ukasikia watu wakibishana juu ya bei ya mabomba na ni nani atakayekwenda kukagua fundi siku ya Jumamosi, utajua uko mahali pa kazi. Ukisikia mabishano ya rangi ya fulana tu, shukuru kwa chai uende zako.

Kuhusu gharama, wewe ni mhasibu na utaelewa haraka. Mwanachama hulipa ada ya shirika la kimataifa, ada ya wilaya ya Rotary ambayo Kenya imo, ada ya klabu yenyewe, na bei ya chakula, kisha huja michango ya miradi ambayo kwa jina ni ya hiari. Omba uandikiwe jumla ya mwaka mzima. Klabu isiyoweza kukupa hesabu hiyo kwenye karatasi moja, mimi nisingejiunga nayo, hata iwe na majina makubwa kiasi gani. Uliza pia kama fedha za kuendesha klabu na fedha za miradi ziko katika akaunti mbili tofauti. Zile faini za mzaha ulizoziona huingia kwenye sanduku moja au jingine. Mweka hazina makini atakujibu ni lipi bila kufikiri mara mbili.

Kama hofu yako ni muda, masharti yamelegezwa. Tangu Baraza la Sheria la Rotary la mwaka 2016, klabu zinaweza kukutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, na mikutano ya mtandaoni inakubalika.

Swali: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu katika shule ya msingi ya umma. Klabu moja ya Rotary ilituletea tangi la lita 10,000 la kuvuna maji ya mvua pamoja na mabomba sita ya kunawia mikono. Siku ya kukabidhi kulikuwa na hema, hundi kubwa ya kadibodi, na picha nyingi sana. Kabla ya mwaka kwisha, mabomba mawili yalikuwa yameibwa, moja halifungi, na maji yalianza kunuka. Nilipompigia simu rais aliyetuletea tangi, alisema muhula wake umekwisha. Rais mpya akasema ule ulikuwa mradi wa mtangulizi wake. Tangi lina jina lao kwa herufi kubwa. Tufanyeje? *Mwalimu, Dagoretti*

Jibu: Mwalimu, barua yako imegusa ugonjwa mkuu wa klabu hizi, nao unatokana na kalenda yao. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na rais wa klabu kwa kawaida huongoza mwaka mmoja. Utaratibu huo una faida, kwa kuwa hakuna anayeota mizizi kitini, lakini una hasara kwamba kila anayeingia hutamani mradi wake, wenye bango lake na picha zake, huku mradi wa jana ukibaki yatima. Nimekwisha kuona zahanati iliyopakwa rangi mara mbili na klabu zilizofuatana ilhali mlango wa choo chake haukuwa na kitasa.

Ni haki kusema kwamba wakubwa wao wanalijua tatizo hili. Klabu inayoomba ruzuku ya kimataifa ya Taasisi ya Rotary, yaani mfuko wa hisani wa shirika hilo, ambayo bajeti ya mradi wake huanzia dola 30,000 za Marekani, hulazimika kuonyesha kwamba wanajamii waliulizwa mahitaji yao, kueleza mradi utatunzwaje baada ya fedha kwisha, kuwa na akaunti ya benki ya mradi inayotiwa saini na watu wasiopungua wawili, na kuhifadhi kumbukumbu za hesabu kwa miaka isiyopungua mitano. Lakini tangi kama lenu aghalabu hununuliwa kwa michango ya wanachama wenyewe, na hapo hakuna anayewadai karatasi. Ndiyo maana mradi mdogo huharibika upesi kuliko mkubwa.

La kwanza, acha kuwapigia simu marais. Andika barua kwa katibu wa klabu, kwa kuwa katibu ndiye mwenye kumbukumbu za mikutano, na humo ndimo uamuzi wa kuwaletea tangi ulimoandikwa pamoja na tarehe na kiasi cha fedha. Eleza hali ilivyo bila ukali, ambatisha picha ya bomba lililoharibika, na uombe jambo moja linalopimika, yaani mtu mmoja wa klabu atakayeitembelea shule mara moja kila muhula hadi mwisho wa mwaka. Omba barua isomwe katika mkutano wa halmashauri. Rotary wana kipimo cha maswali manne, kilichobuniwa mwaka 1932 na mfanyabiashara Herbert Taylor wa Chicago, ambacho klabu nyingi hukikariri: je, jambo hili ni la kweli, ni la haki kwa wote wanaohusika, litajenga nia njema na urafiki, na litawafaa wote? Barua yenye adabu inayosomwa dakika chache baada ya maneno hayo kukaririwa ni vigumu kuiweka kando.

La pili liko mikononi mwenu. Bomba la shaba huibwa kwa sababu lina bei kwa wauza vyuma chakavu. Wekeni la plastiki, au lijengeeni kizimba cha nondo chenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu anayefika shuleni kabla ya wanafunzi. Harufu ya maji kwa kawaida hutoka kwenye paa. Majani, vumbi na kinyesi cha ndege vilivyokusanyika wakati wa kiangazi husombwa na mvua ya kwanza moja kwa moja hadi tangini, kwa hiyo fundi akate bomba la kushukia na kuweka kipande chenye kizibo kinachopokea maji hayo machafu ya mwanzo ili yamwagwe. Safisheni mifereji ya paa kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, na tangi lioshwe likiwa karibu tupu. Inafaa kuyatunza: darasa lenye paa la mita 20 kwa 8, hata tukiondoa yanayopotea, hukusanya zaidi ya lita 1,200 kwa mvua ya milimita 10, kiasi kwamba mvua za wiki chache nzuri hulijaza tangi lenu lote.

Na siku nyingine klabu yoyote ikija na zawadi, halmashauri ya shule iulize kabla hema halijasimamishwa ni nani atakayenunua bomba la kwanza litakapovunjika. Wageni wema hawakasiriki kwa swali hilo.

Swali: Nina umri wa miaka 24, nimemaliza chuo na bado natafuta kazi. Napenda kujitolea lakini naogopa kwamba katika klabu hizi msichana kama mimi atatumwa kugawa chai. Je, kuna nafasi yangu? *Binti wa Kasarani*

Jibu: Ipo, binti yetu. Rotaract, yaani klabu za vijana za Rotary, zilianza mwaka 1968, hupokea watu kuanzia umri wa miaka 18, na kikomo cha juu cha umri kiliondolewa mwaka 2020; Lions nao wana klabu za Leo kwa walio na miaka 12 hadi 30. Ada zake huwa nafuu kuliko za wakubwa, na kwa maoni yangu huko ndiko kazi ya mikono hufanyika zaidi. Hofu yako ina msingi katika historia, maana Rotary haikuwaruhusu wanawake rasmi hadi mwaka 1989, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kesi ya klabu moja ya California mwaka 1987, na mwanamke wa kwanza kuongoza shirika zima, Jennifer Jones wa Canada, alishika usukani mwaka 2022 tu. Ukifika, omba kazi ya ukatibu au ya hesabu. Ukipewa birika, lipokee siku hiyo moja, kisha utazame ni nani atakayelishika mkutano ujao.

Swali: Mama yangu mzazi yuko kijijini na ana mtoto wa jicho. Nasikia Lions hufanya kambi za macho za bure. Jirani ananionya kwamba watu hupofushwa huko. Nimlete? *Mama Njeri, Umoja*

Jibu: Mlete, Mama Njeri, ila ujue kambi ni nini. Lions walianza mwaka 1917, na mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba katika mkutano wao wa kimataifa huko Ohio wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo macho yamekuwa kazi yao kubwa. Hapa Nairobi kuna hospitali ya macho ya Lions SightFirst mtaani Loresho.

Kambini, aghalabu katika uwanja wa kanisa au shule, mgonjwa husimama mbele ya chati ya herufi E zinazotazama huku na huku, akaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi, jicho moja likiwa limefunikwa kwa kiganja. Hivyo asiyejua kusoma hupimwa sawasawa na msomi. Kisha mhudumu wa macho humulika mboni kwa tochi. Wanaojitolea wasio na mafunzo ya udaktari huandika majina, hushika mikono ya wazee, hupanga foleni kivulini, na hawapaswi kumshauri mtu kuhusu dawa. Upasuaji wenyewe hufanywa katika chumba cha upasuaji na daktari au mtaalamu aliyehitimu. Mtu akitaka kumpasua mama chini ya hema, ondokeni. Uliza mapema ni nani atakayemwona siku inayofuata bandeji ikitolewa, ni nani atakayempa matone ya wiki zinazofuata, na kama usafiri wa kurudi unalipwa. Madhara mengi huanzia katika wiki hizo, mgonjwa akiwa nyumbani amesugua jicho au ameacha dawa, na jirani huyasimulia kana kwamba yalitokea kambini.

Swali: Sisi ni majirani wa ploti moja na tumekuwa tukisafisha mtaro na kupanda miti. Tunataka klabu yetu wenyewe, si ya kimataifa. Tuanze vipi, na je, tunaweza kuweka picha za watoto tunaowasaidia mitandaoni? *Majirani, Kayole*

Jibu: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inawatosha. Kusanyikeni watu wasiopungua 10, mwandike katiba fupi, mchague viongozi, mtie saini kumbukumbu za mkutano huo, kisha mzipeleke pamoja na nakala za vitambulisho kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki hata kama mnachanga shilingi mia mia, kwa sababu fedha za kikundi zinazokaa kwenye simu ya mweka hazina zimevunja urafiki mwingi Eastlands. Wekeni pia katika katiba kwamba viongozi wapya hawaanzishi mradi kabla ya kukagua wa zamani. Mwalimu wa Dagoretti atawaeleza sababu.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Pigeni picha za mtaro uliozibuliwa. Miti nayo ngojeni mvua za Oktoba, na kando ya mto msipande mikaratusi.