Jibu: Mbao za nje ya ukuta, kupigilia moja kwa moja au kuacha nafasi?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupigilia mbao moja kwa moja juu ya ukuta kwa kuwa tayari umeweka karatasi ya kuzuia maji. Usifanye hivyo, tafadhali. Mvua ya upepo hupenya kwenye maungio hata fundi awe hodari vipi. Pasipo na nafasi ya hewa kati ya ubao na ukuta, maji hunasa nyuma ya ubao: rangi inabanduka, ukungu unaota, na mwishowe ukuta wenyewe unaoza.

Piga kwanza mapao ya wima yenye unene wa milimita 20 hadi 25, yasiachane zaidi ya sentimita 60, kisha mbao za kulala juu yake. Acha wazi chini na juu ili hewa ipande, na uzibe kwa wavu wa kuzuia wadudu na panya. Wengi huacha wazi chini tu. Hapo hewa haizunguki. Ubao wa chini kabisa uwe sentimita 20 juu ya ardhi.

Karatasi iwe ile inayopitisha mvuke. Nailoni ya kawaida inafungia unyevu ndani.

Kwa afya, mbao zilizotibiwa kwa joto kali (si zile zilizokaushwa tu) ni chaguo zuri, maana hustahimili kuoza bila dawa za sumu. Mwerezi pia unafaa, ila tumia skrubu zisizoshika kutu, la sivyo utaona michirizi myeusi. Paka mafuta pande zote kabla ya kufunga, hasa ncha zilizokatwa: huko ndiko ubao hunywa maji zaidi.