Re: National Treasure inamfaa mtu mzima?

Mkuu, umeuliza kama National Treasure (2004), ile filamu ya kusaka hazina kwa kufumbua mafumbo, itakuchosha ukiiangalia na watoto hapo Moshi. Haichoshi, ila tafuta yenye sauti ya asili na maandishi chini. Zile zilizotafsiriwa za vibandani zinaharibu utamu: DJ anaongea juu ya mafumbo, na fumbo moja likikupita linalofuata halieleweki. Ni dakika 131, kwa hiyo ukianza saa moja jioni wanalala saa tatu na ushee. Uchi hakuna.

Raha ya mtu mzima ni kupima uongo wake. Azimio la Uhuru la Marekani kweli lina maandishi nyuma, lakini ni mstari wa utambulisho tu wenye tarehe 4 Julai 1776. Ramani ya hazina, kama filamu inavyodai, hakuna! Na limau: kwenye filamu linafichua wino usioonekana, wakati kwa kawaida maji yake ndiyo wino wenyewe, joto ndilo hufichua. Wajaribishe watoto kwa njiti ya pamba na karatasi nyeupe. Iache ikauke kabisa, kisha wewe pitisha pasi ya moto bila mvuke. Ikiwa bado mbichi, karatasi hujikunja na herufi husambaa.