Mwanangu yumo kwenye ile asilimia 40?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi San Diego, California, na mwanangu wa kwanza nimemzaa hapahapa. Wodini hakuna aliyeniuliza habari ya tohara. Tulipotaka wenyewe tukaambiwa twende kliniki ya nje, akatahiriwa siku ya 12 kwa pesa yetu. Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio. Yeye siku ya pili tu baada ya kujifungua muuguzi alimletea fomu atie sahihi, jioni mtoto akarudishwa kashatahiriwa. Nimesoma kwamba watoto wachanga wa kiume wanaotahiriwa huku Magharibi ya Marekani ni asilimia 40 na upande wa Ohio ni 71. Baba Nasri anasema kule watu wanashika dini zaidi. Ni dini kweli, au madaktari wa huku wana utafiti wao? Na mwanangu yumo kwenye hiyo 40? Maana nyumbani ni zaidi ya asilimia 80, Marekani wako nyuma. (Mama Nasri)

JIBU: Marahaba Mama Nasri, na hongera ya mtoto. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu kazi yangu ni kumbukumbu za matibabu na hilo ndilo lililonifanya nikae vizuri kitini.

Hayumo. Takwimu ulizosoma zinaishia 2010, mwaka ambao utafiti wenyewe ulikoma, na Nasri bado ananyonya. Lakini hata angezaliwa mwaka huohuo asingehesabiwa, kwa vile alivyotahiriwa.

Namba hizo ni za Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya cha Marekani. Kilikuwa kinachukua sampuli ya hospitali nchi nzima, kisha kinapitia mafaili ya walioruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye faili la mtoto mchanga wa kiume kilitafutwa kitu kimoja: msimbo 64.0, ambao kwenye orodha ya wakati ule ndio tohara. Ukiwepo, katahiriwa. Usipokuwepo, hajatahiriwa. Basi. Hakuna aliyempigia mama simu wiki mbili baadaye kumuuliza. Mtoto wa Kiyahudi anayetahiriwa nyumbani siku ya 8 faili lake linasema hapana, na wa Kiislamu anayepelekwa kliniki siku ya 12 kama wako linasema hapana vilevile. Hospitali za serikali kuu, zikiwemo za jeshi la majini ambalo hapo mjini kwenu limejaa tele, hazikuingizwa kwenye sampuli kabisa.

Kwa hiyo Baba Nasri anisamehe. Familia zinazotahiri kwa amri ya dini ndizo hasa hesabu hii inazozikosa. Wengi wanaoijaza ile 71 ni Wakristo ambao dini yao haiwaamrishi kitu juu ya govi. Wametahiri kwa sababu baba alitahiriwa, na kwa sababu hospitali ilileta fomu.

Sasa tuje kwenye mikoa. "Magharibi" hapo ni majimbo 13 kwa mpigo, kuanzia Hawaii na Alaska hadi New Mexico, na Ohio imo kwenye majimbo 12 ya Magharibi ya Kati, kwa hiyo usiichukue 40 ukaifanya ya San Diego. Mwaka 1979 Magharibi ilikuwa na asilimia 63.9 na Magharibi ya Kati 74.3. Tofauti pointi kumi na kidogo. Mwaka 2010 Magharibi ilikuwa 40.2, Magharibi ya Kati 71.0. Tofauti karibu pointi 31. Kaskazini Mashariki ilitoka 66.2 ikafika 66.3, yaani palepale. Kusini ilipanda kidogo, 55.8 hadi 58.4. Wastani wa nchi ukashuka kutoka 64.5 hadi 58.3, na ukiangalia mikoa mmoja mmoja unaona ni Magharibi ndiyo iliyouvuta huo wastani chini, peke yake, karibu wote. Ohio na wenzake hawakuishia juu kuliko walikoanza: mwaka 1998 walifika 82.9 halafu wakarudi. Swali la kuuliza ni kwenu huko kulitokea nini.

(Hapa kidogo, maana watu hujikwaa: kutoka 64.5 hadi 58.3 ni kushuka pointi 6.2, na pia ni kushuka kwa asilimia 10 ya kiwango cha mwanzo. Yote mawili ni sahihi. Ukisikia "tohara imeshuka asilimia 10" usitoe 10 kwenye 64.5.)

Utafiti tofauti wa madaktari? Hapana. Daktari wa watoto wa San Diego na wa Columbus wanasoma tamko lilelile la American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani. Mwaka 1999 lilisema kuna faida zinazowezekana, ila ushahidi hautoshi kupendekeza watoto wote watahiriwe. Mwaka 2012 likasema faida zinazidi hatari, lakini si kiasi cha kumtahiri kila mtoto, uamuzi wabaki kwa wazazi. Karatasi moja, matokeo mawili.

Mimi ukiniuliza, ningeanza na nani analipa. Marekani karibu watoto 4 katika 10 huzaliwa kwa malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kila jimbo huamua inalipia nini, na California iliiondoa tohara ya kawaida ya watoto wachanga kwenye orodha yake mwaka 1982. Majimbo mengine yakafuata kwa nyakati tofauti. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliopitia zaidi ya hospitali 400 kwa takwimu za 2004. Ulikuta kwamba hospitali zilizoko kwenye majimbo ambayo Medicaid hailipii tohara zilikuwa chini kwa pointi 24, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine za hospitali na wagonjwa wake. Pointi 24, Mama Nasri! Weka hiyo kando ya ile tofauti ya 31.

Jambo la pili ni nani anazaa. Karibu nusu ya watoto wa California mama zao wana asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ambako tohara ya mtoto mchanga si desturi. Utafiti uleule ulionyesha kwamba kadiri hospitali inavyopokea wazazi hao wengi ndivyo kiwango chake kinavyokuwa chini.

Haya mawili yakikutana huzaa la tatu, na hili ni langu, msilitafute kwenye jedwali. Wodi ikishaacha kutahiri, sinia la vifaa haliandaliwi tena. Daktari kijana anamaliza mafunzo hajatahiri watoto wa kutosha mkono ukazoea, na fomu inatoka kwenye bahasha ya mama. Hapo hata mwenye bima nzuri haulizwi. Wewe hukuulizwa kwa sababu ya mabadiliko ya bajeti yaliyofanyika pengine hujazaliwa.

Umeongeza mwishoni mwa barua yako kwamba nyumbani "ni zaidi ya asilimia 80" na Marekani wako nyuma. Hapo nakusihi uweke breki. Tafiti zetu za Afrika Mashariki zinamuuliza mwanamume mtu mzima kama ametahiriwa, si mtoto mchanga. Chukua Kenya: utafiti wa UKIMWI wa 2007 ulikuta asilimia 85 ya wanaume wametahiriwa, lakini Nyanza, kwa Wajaluo ambao hawana jando, ilikuwa 48. Mwaka 2012 Nyanza ikafika 66. Si kwamba walizaliwa watoto wengi wa kutahiriwa. Tangu 2008 serikali ilikuwa imepeleka tohara ya hiari kwa vijana na watu wazima, baada ya tafiti za Kisumu, Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) kuonyesha inapunguza maambukizi ya VVU kwa mwanamume kwa takriban asilimia 60. Kwenye hesabu ile, bwana wa miaka 35 aliyetahiriwa juzi Kisumu na mtoto wa Lamu aliyetahiriwa mchanga akakua ni mmoja na mmoja. Ukiiweka 85 hiyo kando ya 58.3 ya Marekani unalinganisha mti na mche.

Na sisi Tanzania wodini hatukuwa hata na pa kuandika. Rejista ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya) niliyoanzia kazi ilikuwa na safu ya uzito, ya jinsi, ya alama za Apgar, yaani hali ya mtoto mara tu anapozaliwa. Tohara haikuwa na safu. Muuguzi akiwa mwangalifu aliandika "ametahiriwa" pembeni kwa kalamu nyekundu, na mwisho wa mwezi tulipojumlisha, kalamu nyekundu haikujumlishwa.

Kwa hiyo mdogo wako akikutania kwamba California mmechelewa, mwambie alete faili. Mpwa wako wa Columbus katahiriwa kabla ya kuruhusiwa, kwa hiyo tohara yake imo kwenye faili la hospitali. Ya Nasri iko kwenye bili ya kliniki. Itafute droo uliyoiweka, shuka hadi mstari wenye msimbo wa tiba wa tarakimu tano. Ikiwa ni 54150, alitahiriwa kwa kibanio au kifaa cha namna hiyo, chini ya ganzi ya sindano. Ikiwa ni 54160, ni kwa kisu bila kifaa, na mtoto hajapita siku 28. Ukiona 54161 rudi kliniki uwaulize, kwa maana huo ni wa mtoto aliyepita siku 28, na wako alikuwa na 12.