Kabla Hujampeleka Mtoto Okestra, Mtazame Mwenye Kijiti

Siku nilipompigia mama simu Unguja kumwambia mjukuu wake kapata nafasi kwenye okestra ya vijana hapa Portland, Oregon, na kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, kamsifu, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kondakta wa gari gani?" Tangu hapo nyumbani kwetu yule kondakta mzee anaitwa Bwana Kijiti, kwa kile kijiti anachoongozea. Namwandika leo kwa sababu wazazi wenzangu Waswahili wa hapa, na wa Kongo hasa, wananiuliza namna ya kuwaingiza watoto okestra, na karibu wote wanaanzia kwenye bei ya fidla.

Fidla usinunue. Kodi. Mtoto anakua kama mgomba: binti yangu alianza na ya saizi ya nusu, akaenda ya robo tatu, leo anapiga nzima, na miaka haijafika minne. Ada nayo isikukimbize. Ulizia punguzo, usione haya. Mimi niliona haya mwaka mzima nikajibana bure, kumbe fomu yenyewe ni ukurasa mmoja.

Cha kuulizia kwa makini ni mwenye kijiti. Kakaa hapo miaka mingapi? Mji huu una mfano mzuri. Portland Youth Philharmonic ilianza 1924, ikiitwa Portland Junior Symphony, na ndiyo okestra ya vijana kongwe kuliko zote Marekani. Kwa miaka yake 71 ya mwanzo imeongozwa na watu wawili tu. Wa kwanza ni Jacques Gershkovitch, Mrusi wa Irkutsk aliyeyakimbia mapinduzi ya kwao, akapitia Mashariki ya Mbali mpaka akafika huku. Aliishika mpaka alipofariki 1953. Akaja Jacob Avshalomov, mzaliwa wa Qingdao, China, aliyewahi kusoma kwa huyo huyo Gershkovitch. Aliacha kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akakamata kijiti 1954 na kukiachia 1995. Kijana aliyepiga mwaka wa kwanza wa Avshalomov angeweza kabisa kumletea mjukuu. Na wote wawili wageni kama sisi, jambo ambalo binti yangu kalisikia kwangu mpaka kachoka.

Sisi hatupo kwenye okestra hiyo. Yetu ni ndogo, na kabla yake tulipita nyingine ambayo siitaji. Kule waongozaji walibadilishana watatu ndani ya misimu miwili. Wa kwanza alimfundisha kushika upinde hivi, wa pili akasema siyo, wa tatu hata jina lake hakulijua, alikuwa akimwita "fidla ya pembeni". Mtoto akaanza kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Tukadhani maziwa.

Kwa Bwana Kijiti akafanyiwa usaili, akawekwa fidla ya pili, kundi linalosindikiza, kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Hapo nilikosea, na nasema ili nawe usirudie. Nilimwandikia barua pepe ndefu ya hasira, nikihesabu saa anazofanya mazoezi binti yangu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: njoo Jumamosi, ukae nyuma.

Nikaenda. Watoto kama sitini wanapiga, mie nasikiliza fidla ya kwanza maana ndiyo yenye wimbo. Bwana Kijiti akasimamisha wote. Akaomba fidla ya pili peke yake, halafu akashuka jukwaani, akatembea mpaka mlangoni, akaomba meza ya mwisho, yaani wale wawili wa nyuma kabisa, peke yake: binti yangu na kijana mmoja mwembamba. Wakapiga vipande vifupi, tak-tak, tak-tak, kama rika, lile tari dogo, kwenye taarabu. Akawaambia wasipande sauti, wasikimbie. Akarudi juu, okestra nzima ikaanza tena, na nakwambia ule wimbo ulisimama wima. Nimekua nikisikia fidla za Culture, kikundi cha taarabu pale Vuga, Unguja, nikijua kabisa kwamba ngoma ya dumbaki ikiyumba mwimbaji hana pa kukanyaga. Sijui kwa nini nilipofika Marekani nililisahau.

Wakati wa mapumziko alimuuliza yule kijana mwembamba kama bado anaumwa meno tangu afungwe waya. Miaka zaidi ya ishirini yuko pale, na bado anajua nani kafungwa waya. Basi ukienda kutazama okestra, mwache mwenye fidla ya kwanza, mtazame mwongozaji anavyofanya na meza ya mwisho. Ukiona haangalii kule, chukua mtoto wako mwende.

Lipo na la ukumbini. Onesho letu la kwanza walipiga Sinfonia ya Tisa ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ile aliyoitunga hapa hapa Marekani 1893. Ina sehemu nne, na ya kwanza inamalizika kwa kishindo. Kishindo kikatua, nami nikaona limekwisha. Nikapiga makofi peke yangu, watu elfu kimya. Hilo ningelivumilia. Lakini mkono ulikwisha ingia mfukoni, na miguu ikanyanyuka yenyewe kwenda kumtuza mwanangu, kama ungefanya wewe. Nilifika safu ya pili na dola tano mkononi ndipo dada wa mlangoni akanishika kiwiko. Binti yangu alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kimezama kwenye fidla. Kwa hiyo: usipige makofi mpaka mwongozaji ashushe mikono yote miwili na kuwageukia watazamaji. Na kutuza acha kabisa, mletee maua akitoka.

Bwana Kijiti aliniuliza baadaye nilikuwa nakwenda wapi. Nikamweleza taarabu, nikamweleza kutuza, akacheka mpaka akaketi. Mama nilipomsimulia hakucheka. "Dola tano?" akasema. "Mbele za watu wote hao, dola tano?"