Ukipewa kete nyeusi, anza na c6 halafu mwangalie askofu wako

Wakuu, madogo ninaocheza nao chesi wikiendi wananiuliza kila mara swali lile lile, kaka nikipewa nyeusi nianze na nini, maana kwenye nyeupe wako poa, wanasukuma e4 (askari aliye mbele ya mfalme, hatua mbili; herufi ni safu ya bodi ya kwenda juu, namba ni mstari wa kwenda pembeni) na wana mipango yao, ila bodi ikigeuzwa wanabaki kujibu tu kila kinachokuja. Jibu langu ni moja siku zote. Mpinzani akianza na e4 weka askari c6 kisha d5, huo ndo ufunguzi unaoitwa Caro-Kann. Akianza na d4 weka d5, akileta c4 weka c6, hiyo ni Slav. Majina mawili ila jengo la askari ni lile lile, c6 na d5.

Faida ya jengo moja watu hawaioni mpaka wachoke. Mwenye nyeusi hachagui, nyeupe anaweza kukuletea e4, d4, c4 au farasi f3, na kila mlango una vyumba vyake, sasa wewe ukijifunza ufunguzi wa Najdorf kwa ajili ya e4 na King's Indian kwa ajili ya d4 umejibebesha vitu viwili visivyofanana hata kidogo na wakati huo huo una kazi, una watoto, unafungua bodi saa nne usiku macho mazito. Ukiwa na c6 na d5 hata akianza na c4 unajibu c6 tu, akisukuma e4 unaweka d5 uko nyumbani kwenye Caro-Kann, akisukuma d4 unaweka d5 uko kwenye Slav. Yaani unachojifunza huku kinakusaidia na kule.

Wala msidhani ni mchezo wa waoga. Horatio Caro na Marcus Kann waliuchambua mwaka 1886, na baadaye mabingwa wa dunia kama Botvinnik, Petrosian na Karpov wakautegemea. Mimi gemu za Karpov nazirudia mpaka leo, mtu anakaa kimya kabisa halafu huko mbele mwenye nyeupe ndo anajikuta hana pa kushika.

Sasa namna ya kujifunza. Msikariri mistari ya hatua ishirini, achaneni nayo. Jiulize kitu kimoja tu kila gemu: askofu wangu wa c8 anatoka lini, na akitoka atakuwa salama? Ukiweza kulijibu hilo umemaliza kama nusu ya ufunguzi.

Tuanze na e4 c6, d4 d5, halafu nyeupe asukume e5. Askofu anatoka f5 mapema, kabla hujaweka e6, na hapo ndo Caro-Kann inapouzidi ufunguzi wa French (e4 unajibu e6), maana kwenye French e6 inatangulia na jamaa anafungiwa ndani. Ukishamtoa unaweka e6, kisha unatafuta nafasi ya c5 kuvunja kati. Ila akikuletea h4 mara tu askofu alipofika f5 amkeni, msiweke e6 kwa mazoea, maana anakuja na g4, unarudi e4, anasukuma f3, unaenda g6, anasukuma h5 na askofu kaisha. Mimi hapo naweka h5 yangu na maisha yanaendelea. Kuna wanaopenda kusukuma c5 moja kwa moja kwenye hatua ya tatu, Botvinnik alifanya hivyo dhidi ya Tal mwaka 1961 kwenye mechi aliyorudishia ubingwa wake kwa pointi 13 kwa 8. Inachezeka vizuri tu, ila kwa anayeanza, askofu f5 inaeleweka haraka zaidi.

Akileta farasi c3, unakula e4, anakula na farasi, unatoa askofu f5, farasi anakuja g3 kumfukuza, unarudi g6, anasukuma h4. Hapo lazima umtengenezee shimo la kukimbilia, weka h6, ukisahau h5 inakuja na umekwisha. Wengine badala ya askofu wanatoa farasi d7, sawa, ila mpangilio wa hatua una sumu: nyeupe akiweka malkia e2 na wewe ukatoa farasi mwingine f6 bila kufikiri, farasi wake anaruka d6 na ni chekimeti, kwa sababu askari wako wa e7 amebanwa na malkia hawezi kula. Kwenye blitzi, gemu za dakika chache, hii inanasa watu wazima kabisa. Na si sisi tu wa mtaani, Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia, Mei 1997 kule New York, gemu ya sita na Deep Blue, kompyuta ya IBM, alicheza njia hiyo hiyo ya farasi d7, akasukuma h6 mapema, kompyuta ikatoa farasi sadaka pale e6 na akakubali kushindwa baada ya hatua 19 tu.

Akibadilishana askari pale d5, unakula na wa c, kisha farasi c6, farasi f6, askofu g4, mfiche mfalme upande mfupi (castling) na baadaye askari wa b atembee mpaka b4 kumsumbua. Watu wanaiita inaboa, mimi naipenda, mpango unajulikana na mpinzani mara nyingi hana wake.

Kwenye Slav mambo yanageuka kidogo na hapa ndo wengi wanaotoka Caro-Kann wanaumia. Askofu msimharakishe. Tuseme d4 d5, c4 c6, farasi f3 na wewe farasi f6, analeta farasi c3, ukimtoa askofu f5 hapo hapo anakula d5, unakula na askari wa c, anakuja malkia b3 na b7 yako haina mlinzi, ukianza kuilinda unaharibu nyumba nzima. Dawa yake ni kula c4 kwanza, yeye anasukuma a4 kukuzuia b5, na sasa ndo askofu anatoka f5 kwa amani.

Halafu kuna hawa wa ufunguzi wa London, d4 na askofu f4 kila siku kama wamelipwa. Msiwajibu kwa uvivu. Askofu wao akishaondoka c1 ile b2 imebaki peke yake, kwa hiyo sukuma c5 mapema na mlete malkia b6, wengi hawajajiandaa kulinda huko na wanaanza kufikiri kwa mara ya kwanza gemu nzima.

Kila gemu ukipoteza na nyeusi ingia Lichess, tovuti ya chesi, ni bure, tafuta hatua ya kwanza uliyotoka kwenye njia unayoijua na iandike hiyo moja tu pembeni. Kompyuta ikisema nyeupe yuko mbele kwa 0.3 (chini ya nusu ya askari mmoja) ipuuzeni, mpinzani wako wa jumamosi hataiona hiyo 0.3 hata akipewa lisaa lizima.