Jibu kuhusu Coach and Horses ya Soho
Ndugu, umeuliza kama Coach and Horses, ile baa ya mtaa wa Soho, London, bado ni ile ile. Inategemea unamuuliza nani. Wakongwe watakwambia iliisha 2006, Norman Balon aliyekuwa akiiendesha alipostaafu. Yule alikuwa akiwatukana wateja waziwazi pale kaunta, na wateja wakimpenda hivyo hivyo! Alastair Choat aliyemfuata akaleta chakula kisicho na nyama na jioni za kuimba kwa piano. Mwaka 2019 Fuller's, kampuni iliyokuwa ikimkodishia baa hiyo, walipoamua kuiendesha wenyewe kupitia meneja wa kuajiriwa, maelfu walisaini ombi la kumtetea Choat, lakini hawakufua dafu. Kwangu mimi tofauti iko hapo: meneja wa mshahara huhamishwa, ila mwenye baa anajua nani anakaa wapi na anakunywa nini kabla hajaagiza.